Waingereza walitoka Ulaya, lakini kontra yao ilibaki ile ile

Baba na mama wa ku mashimo, leo tunaomba tutoke kidogo mu Kolwezi na Likasi, twende kutembea Uingereza. Hatuendi kuangalia nyumba ya mufalme. Tunaenda ku mashimo. Maana Uingereza nayo ilikuwa inchi ya wachimbaji kama sisi, na mambo yaliyowapata wale wachimbaji yanatugusa kuliko vile tunavyozania.

Makala ya mawe, kama ile ya Luena, njo iliyowasha mashini za Uingereza. Mu mwaka 1984 wachimbaji wa makala walikuwa bado zaidi ya 170 000. Mu mwezi wa tatu wa mwaka ule wakaanza mugomo kwa kupinga kufungwa kwa mashimo. Serikali ya Margaret Thatcher ikakaza roho. Mugomo ulidumu mwaka muzima. Wamama walifungua jikoni za pamoja ili watoto wasilale njaa. Mwezi wa tatu 1985 wakarudi ku kazi mikono mitupu. Kisha pale mashimo yakafungwa, moja leo, lingine kesho. Shimo kubwa la mwisho la chini ya udongo, Kellingley, lilifungwa mu mwezi wa 12 mwaka 2015. Miezi 6 tu ikapita, Waingereza wakaitwa ku kura: tubaki mu Umoja wa Ulaya ao tutoke?

Tarehe 23 mwezi wa 6 mwaka 2016 walijibu: tutoke. Asilimia 51,9. Mu muji wa Sunderland ilikuwa asilimia 61. Sunderland ni muji gani? Pale kulikuwa shimo la Monkwearmouth, la mwisho la mukoa wa Durham, lililofungwa mu 1993. Juu yake wakajenga uwanja wa mupira, na inje ya uwanja wakasimamisha sanamu ya taa ya muchimbaji. Kazi kubwa iliyobaki mu muji ule ni kiwanda cha magari cha Nissan, kilichofunguliwa mu 1986, na magari yake mengi yanauzwa Ulaya.

Wakubwa wengi wakacheka: hawa watu ni wajinga, wanapiga kura kwa kufunga soko ya vitu wanavyotengeneza wenyewe! Sisi hatuwezi kucheka. Mutu aliyeona shimo la baba yake linageuka uwanja, na mutoto wake anatafuta kazi ya siku mbili tatu, ukimuuliza «mambo iendelee vile vile?», unataka akujibu nini? Atasema hapana. Ile hapana ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba waliielekeza ku mulango usiokuwa wake.

Tuangalie Shirebrook, kijiji cha wachimbaji mu mukoa wa Derbyshire. Shimo lao lilifungwa mu 1993 vilevile. Pale pale ku udongo wa shimo, kampani kubwa ya kuuza viatu na nguo za michezo ikajenga depo. Watumikaji zaidi ya 3 000, wengi sana hawakuwa wa kampani. Walikuwa wa ajansi, kwetu tungesema sous-traitance. Wengi wao walitoka Polonia na inchi zingine za mashariki ya Ulaya. Mu 2016 tume ya bunge ilichunguza ile depo kisha sendika kulia sana. Ikakuta nini? Watu wanapangwa mustari kila jioni kwa kupekuliwa kama wezi, na ule wakati haulipwi, mpaka mushahara wao unaanguka chini ya kiwango cha sheria. Mutu akikosa mara 6, hata kwa kuwa mugonjwa ao kuzungumza sana, anafukuzwa.

Mwana wa Shirebrook akapita mbele ya mulango wa ile depo, akasikia luga ya kigeni, akasema: «Hawa njo wanatunyanganya.» Lakini Mupolonia hakuandika kontra. Mupolonia hakujipa mushahara mudogo. Wote wawili, mwana-muji na mugeni, walikuwa wanakamuliwa na mukono mumoja.

Na ule mukono ulikuwa wapi? Tuhesabu pamoja. Kontra isiyokuwa na saa, ile ambayo patro anakuita leo na kesho anakusahau, ilifikia watu karibu 900 000 mwisho wa 2016. Ni sheria ya London iliyoiruhusu. Mu 2013 serikali ya London ilianza kulipisha kila mutumikaji anayetaka kushitaki patro wake mbele ya tribinali ya kazi, mpaka livre 1 200. Mu mwezi wa tano 2016, mwezi mumoja na siku kazaa mbele ya ile kura, bunge la London lilipitisha sheria ya kukaza migomo: nusu ya wana-sendika lazima wapige kura, bila vile mugomo ni haramu. Na tangu 2010 ni serikali ya London, ile ya David Cameron, iliyokata pesa za miji, za maskini na za wagonjwa. Yote ile haikutoka Bruxelles.

Bruxelles ilileta nini? Kazi isipite saa 48 kwa juma. Konji ya kulipwa isipungue majuma 4 kwa mwaka. Mutu wa ajansi, akimaliza majuma 12, alipwe sawa na mutu wa kampani. Hizi njo zilikuwa ukuta. Ukuta mufupi, ndiyo, lakini ukuta.

Tusidanganyane: Umoja wa Ulaya si malaika. Haukukataza kontra isiyokuwa na saa. Ulifungua mipaka, na wapatro wakaingia mbio kuchukua mikono ya bei chini. Na kuna walioona faida kisha kutoka: mu 2021, wakati madereva wa malori walikosekana, kampani zililazimishwa kuwaongezea mushahara. Anayesema kutoka hakukusaidia mutu hata mumoja anasema bongo.

Lakini tuangalie hesabu yote. Usiku wa kura peke yake, livre ya Waingereza ilianguka, na kisha pale bei ya chakula ikapanda. Ile basi nyekundu iliyozunguka inchi na maandishi ya milioni 350 kila juma ilimaliza safari yake bila kushusha zile pesa. Inchi ilitoka mwezi wa kwanza 2020. Mu mwezi wa tatu 2022, kampani ya mashua P&O ilifukuza mabaharia karibu 800 siku moja, kwa video. Mu nafasi yao ikaweka watu wa ajansi kwa bei ya chini kuliko mushahara mudogo wa Uingereza. Mukubwa wake akaenda mbele ya bunge, akakubali kwamba walijua sheria inawaomba kuzungumza na sendika, na hawakuiheshimu. Wageni ndani ya depo walilaumiwa, lakini siku ile wengi wa waliofukuzwa walikuwa Waingereza.

Sasa, mutumikaji wa Uingereza alishinda wapi? Tumetafuta, tumeona mifano mbili. Wa kwanza: ile pesa ya tribinali. Sendika ya UNISON ilishitaki serikali, ikashindwa, ikarudia, na mu mwezi wa 7 mwaka 2017 korti kubwa ya inchi ikasema: kulipisha watu haki yao ni kinyume cha sheria. Ikafutwa. Wa pili unatuhusu zaidi: pansioni ya wachimbaji. Tangu 1994 serikali ilikuwa inajikatia nusu ya faida ya kisanduku chao. Wazee walilia miaka na miaka. Mu kampeni ya 2019 Boris Johnson aliwaahidi, hawakuona kitu. Hawakuacha. Mu 2024 serikali nyingine ikakubali kurudisha livre bilioni 1,5 kwa wazee na wajane karibu 112 000. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini walioishi walipata, sababu walishika jambo moja, lenye jina na namba, na hawakuliachilia.

Tunaandika haya kwa nini? Sababu sisi tulikwisha kupita mu ile njia mbele yao. Kamoto ilianguka mu mwezi wa 9 mwaka 1990, Gécamines ikaanza kuzama. Mu 1992 na 1993 wakubwa wakatuonyesha adui: ndugu zetu wa Kasai, waliokaa nasi mu kamp moja, waliokula posho moja. Walifukuzwa, wakalala ku gare ya Likasi na watoto. Je, Gécamines iliinuka? Mu 2003 wenzetu zaidi ya 10 000 walitiwa sahihi «départ volontaire». Hawakuwa Wakasai waliotushikisha ile kalamu.

Leo tena tunasikia maneno: ni wale waliokuja juzi, ni wale wa jimbo lingine, ni Muchina yule kapita. Kapita mubaya ni mubaya, tumushitaki. Lakini tuulize pia nani aliandika kontra yake na ya kwetu, na inspekta wa kazi anapita siku gani. Journalier anayesimama ku barrière saa 11 za usiku hajui kama ataitwa ni ndugu ya yule wa Shirebrook. Hata wakibadilisha bendera juu ya mulango, kontra bila saa inabaki kontra bila saa.

Kwa hiyo, mukubwa akikuja na ngoma na tisheti kutuambia mutu fulani akitoka mambo itakuwa muzuri, tusimupigie makofi mbele, tusimutukane pia. Tumuulize pole pole: akitoka, mushahara wetu unaongezeka franka ngapi, na siku gani? Ni artikle gani ya sheria ya kazi utabadilisha? Wa sous-traitance ataingia mu kontra ya kampani kisha miezi mingapi?

Akijibu, tuandike jibu lake na tarehe. Akikasirika, tumekwisha kupata jibu.