TENDA YA LAMI: BEI YA CHINI IMEKATWA WAPI?



Wengi wenu mmekwisha kusikia ya kwamba uwanja wa maghala yetu kule Embakasi utatiwa lami kabla ya mvua kubwa za mwezi wa tatu. Halmashauri imepokea barua za makontrakta watatu, na mmoja wao bei yake iko chini sana ya wenzake. Tangu habari hiyo itoke, maneno ni mengi katika kantini na ndani ya matatu za jioni: mpeni huyo wa bei rahisi, pesa ni zetu, mnangoja nini? Hatuna ugomvi na mwanachama anayelinda pesa za chama. Pesa hizo zimetoka katika mishahara yetu, shilingi kwa shilingi. Lakini kabla mkono haujainuliwa kupiga kura twataka kuuliza: huyu wa bei ya chini, amekata wapi?

Maana kokoto huuzwa kwa bei iliyo karibu sawa kwa kila kontrakta. Dizeli ya rola ni ile ile. Lami yenyewe hutoka katika mitambo ile ile michache. Basi palipobaki pa kukata ni mahali pawili tu: chini ya ardhi, ambako macho hayafiki, na mfukoni mwa kibarua.

Tuanze na chini ya ardhi. Kila aliyejenga nyumba upande wa Embakasi anaujua ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha huvimba, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Ukiutandikia lami juu, hata iwe nzuri namna gani, msimu wa kwanza wa mvua utaibeba na kuivunja. Hapana budi udongo huo uchimbwe na kutupwa, halafu utiwe udongo mgumu na changarawe, kila tabaka imwagiwe maji na kushindiliwa, na juu yake kokoto. Kazi hiyo ndiyo inayokula pesa nyingi, na ndiyo isiyoonekana siku ya kukabidhiwa uwanja. Kontrakta mwerevu huchimba pembeni, pale wageni wanapopita, na katikati akaacha kama palivyokuwa. Na mtelemko nao: uwanja ukikosa kuteremka angalau sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea mtaroni, maji yatalala juu ya lami, na maji yanayolala ndiyo mwanzo wa mashimo.

Juu yake huja lami, na hapa mwanachama yeyote anayejua kuhesabu anaweza kuwa mlinzi. Mita moja ya mraba, lami ikiwa imeshindiliwa kwa unene wa milimita 50, inataka kilo 120 hivi. Tuseme uwanja ni mita za mraba 3,000. Hiyo ni tani 360, yaani malori 18 ya tani 20. Kontrakta akiitandika kwa unene wa milimita 30 tu, malori 11 yanamtosha. Siku hiyo macho hayawezi kutofautisha, kwa kuwa yote ni meusi na yote yanang'aa. Lakini malori saba ya lami yamekwenda zake, na sisi tumeyalipia. Kwa hiyo kila lori lije na karatasi yake ya mizani, na mtu wetu asimame langoni na kalamu. Lije limefunikwa turubai vilevile, kwa sababu lami hutoka mtamboni ikiwa na joto la digrii 150 hivi, na rola lazima imalize kazi kabla haijashuka kufika kama digrii 80. Ikipoa njiani haishikani tena, hata ukipitisha rola mchana kutwa.

Sasa mfukoni mwa kibarua, na hapa tutasema kwa urefu kidogo.

Mwandishi wa maneno haya alipita mahali fulani palipokuwa pakitiwa lami, akaona vijana wanaisambaza kwa reki huku wamevaa sandali za mpira. Kijana mmoja akamwagikiwa mguuni. Wenzake wakataka kuibandua ile lami, na ngozi ikaanza kuja pamoja nayo. (Mtu akiungua hivyo mmwagieni maji baridi mengi, msiibandue, mpelekeni hospitali.) Kontrakta akampa nauli ya kwenda nyumbani, na kesho yake reki ile ile ilikuwa katika mikono mingine. Tulipouliza juu ya bima, kontrakta akasema vijana si wake, ni wa nyapara. Nyapara akasema yeye huleta watu tu. Na mwenye uwanja akasema amempa kontrakta kazi, hayo mengine hayamhusu.

Jibu hilo la mwisho tumelisikia kwa matajiri wetu miaka mingi. Tumeligombania mbele ya maafisa wa kazi na mahakamani: tajiri anatoa kazi kwa kontrakta ili aseme watu hawa si wangu. Je, sisi nasi tutalisema? Maana tusidanganyane, ndugu zangu, kwa majuma hayo machache tajiri ni sisi.

Sheria iko wazi. Sheria ya mwaka wa 2007 ya usalama kazini yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kumkinga mtu na hatari ya kazi yake. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamtaka awe na bima ya watu wake. Na Sheria ya Ajira, nayo ya 2007, yasema kibarua wa siku hulipwa siku inapokwisha, na akiendelea mfululizo hata mwezi ukatimia, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Ndiyo maana nyapara wengine huwafukuza watu siku ya ishirini na tano na kuwaita tena juma lijalo kama wageni.

Tena tangu mwaka wa 1949 Shirika la Kazi la Ulimwengu lina mapatano, namba 94, yasemayo kwamba kazi inayolipwa kwa pesa za serikali ifanywe kwa mishahara na masharti yasiyopungua yale ya wafanya kazi wengine wa kazi hiyo. Pesa zetu si za serikali. Lakini chama cha wafanya kazi kitadaije kwa serikali kisichokitimiza katika uwanja wake chenyewe?

Kwa hiyo twapendekeza kila kontrakta aulizwe kwa barua, naye ajibu kwa barua. Cheti chake cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ni cha kazi ya barabara au cha nyumba tu? Ni cha daraja gani kati ya zile nane? Karatasi ya bima iko wapi? Nani atawalipa vibarua, yeye au nyapara, na kiasi gani? Atachimba kina gani? Na akubali tuzuie sehemu ya kumi ya malipo mpaka mvua zipite. Atakayekasirika kwa maswali haya amekwisha kutujibu.

Jambo dogo la mwisho: pale malori yanapolala pasitiwe lami, patiwe kabro au zege, kwa kuwa dizeli inayodondoka huila lami ikawa laini kama ugali mbichi. Hilo laweza kuongeza bei kidogo.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, ukumbini. Barua zote tatu ziko kwa Katibu na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma. Tunahitaji pia watu wawili kila siku wa kukaa langoni, mmoja wa asubuhi na mmoja wa alasiri. Wanaojitolea waandikishe majina mapema, na wawe watu wanaojua kusoma karatasi ya mizani.