Walioomba Kuhama Kwao



Wako wanaosema kwamba mtu aliyehama kwao kwa ridhaa yake hana haki tena ya kupalilia. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi wetu ni kisiwa cha Hirta, katika visiwa vya St Kilda, mbali magharibi ya Uskoti.

Kisiwa chenyewe ni jabali katika bahari ya Atlantiki. Upepo haupoi na mti hauoti. Kilima cha Conachair kina mita 430, na upande mmoja kimekatika wima mpaka baharini. Wanaume walishuka magenge hayo kwa kamba kukamata ndege wa baharini. Nyama ilikuwa chakula, mafuta yakawasha taa, na manyoya yakalipa kodi ya mwenye kisiwa.

Mwaka 1852 watu 36 walihamia Australia, wengi wakafariki safarini. Vijana wengine wakafuata bara. Kufikia 1930 walibaki 36 tu, na wanaume wa kazi hawakutosha. Mwezi Mei waliiandikia serikali wakiomba kuhamishwa, na tarehe 29 Agosti wakapanda meli. Kabla ya hapo waliwazamisha mbwa wao. Inasimuliwa kwamba kila nyumba waliacha Biblia imefunuliwa na kichungu kidogo cha nafaka. Huko bara baadhi yao walipewa kazi ya misitu, wao ambao kwao hapakuwa na mti!

Je, hawakukipenda? Katika miaka ile ya 1930 baadhi yao walikuwa wakirudi wakati wa kiangazi kukaa katika nyumba zao. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipotoka Makka, aliuambia mji ule kwamba anaupenda.

Tunaandika haya kwa sababu ya wazee wetu. Babu anaomba kupelekwa alikozaliwa, nasi tunamjibu, "Kule kumebaki nini, babu?" Wengine tunacheka kabisa, Allah atusamehe. Mzaliwa wa mwisho wa Hirta alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 93. Aliondoka kisiwani akiwa na miaka minane.

Wanafunzi mnaorudi likizo, changeni nauli mkampeleke mzee. Mkifika msimharakishe. Akisimama mbele ya ukuta uliobomoka, mwacheni asimame, na mumuulize nani alilala chumba kipi.