Chai baridi ya matunda, na kosa nililomfanyia mama

Julai 2022 mama yangu alikuwa kwangu hapa Leicester. Alikuja kuwaona wajukuu, akakutana na wiki ile ambayo joto la Uingereza lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza. Sisi watu wa Tanga hatutishwi na joto, lakini mama alikaa siku mbili tu akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii haina pa kupumulia." Kweli. Nyumba za huku zimejengwa kuzuia baridi, feni ya dari hakuna, na upepo wa bahari ndio usiseme.

Watoto walikuwa wanadai zile chai baridi za chupa zenye ladha ya pichi. Nikawaambia hapana, muuguzi yumo humu humu ndani, tutatengeneza yetu ya asili isiyo na sukari. Nikachemsha chai nzito, nikamimina nusu lita ya juisi ya tufaha, nikatia vijiko vitatu vikubwa vya asali, kisha maji na barafu mpaka jagi la lita moja na nusu likajaa. Ilikuwa tamu kwelikweli.

Mama ana kisukari cha aina ya pili. Vidonge vyake hamezi kwa kukumbushwa, na chai yake ya rangi hunywa bila sukari kabisa. Akaniuliza, "Hii ina sukari?" Nikamjibu, "Haina, mama, ni asali na tunda tu." Akanywa glasi tatu kubwa. Jioni kabla ya chakula akajitoboa kidole kama kawaida yake, kipimo kikasoma 15.8. Siku zote hizo alikuwa kwenye 7 au 8.

Hakunilaumu. Alitazama ile namba akasema, "Labda ni joto." Hapo ndipo iliponiuma, maana aliniamini mimi kuliko alivyoamini ulimi wake. Stashahada niliyosoma nyumbani na shahada niliyoongeza hapa zote zilikuwa zimekaa kabatini mchana ule. Nikampa maji matupu, tukapima tena kabla ya kulala, ikawa inashuka.

Watoto walipolala nikachukua kalamu. Juisi ya tufaha, hata ile iliyoandikwa "asilimia 100", ina sukari karibu gramu 10 katika kila mililita 100. Nusu lita ni gramu 50. Kijiko kikubwa cha asali kina kama gramu 17, vitatu ni 50 nyingine. Jagi lilikuwa na gramu 100, yaani zaidi ya 6 katika kila mililita 100. Sasa, tangu Aprili 2018 serikali ya hapa inawatoza kodi watengenezaji wa vinywaji vilivyotiwa sukari vikifika gramu 5 kwa mililita 100, na wengi walipunguza ili waikwepe. Kwa hiyo jagi langu la asili lilikuwa na sukari nyingi kuliko chupa nyingi nilizowakataza watoto! Mama peke yake alikunywa kama gramu 60. Mtu mzima anashauriwa asizidishe 30 kwa siku nzima kwa sukari ya namna hii, yaani ya kutia, ya asali na ya juisi. Mtoto wa miaka 7 hadi 10 asizidishe 24.

Nawaandikia haya kwa sababu nasikia neno "asili" kila ninapokaa na wenzetu. Damu haiulizi kama sukari ilitoka kwa nyuki au kwenye muwa. Tende nayo, tunayoiheshimu sote, moja kubwa ya aina ya medjool ina kama gramu 16. Sisemi msile tende. Nasema ukizisaga tano kwenye jagi usimwambie mgonjwa wa kisukari kwamba halina sukari.

Basi nikaanza upya, na kitu kilichonisaidia hakikuwa tunda hata kidogo. Kilikuwa maji. Chai ikichemshwa kisha ikapozwa hutoa ukali unaoshika ulimi, na kinywaji kikiwa baridi sana utamu wake hausikiki vizuri, ndiyo maana mtu anaongeza na kuongeza. Chai ikiloekwa kwenye maji baridi, ule ukali hautoki wote. Natia vipakiti vitano vya chai ya rangi kwenye lita moja na robo ya maji baridi, nafunika, naweka kwenye friji saa sita au usiku kucha. Asubuhi naviondoa bila kuvikamua. Rangi yake ni safi, haina lile wingu linaloingia chai ya moto ikiwekwa kwenye friji. Unaweza kuinywa hivyo hivyo bila kitu. Msiloeke dirishani juani kama wengine wanavyopenda, maji ya uvuguvugu ni shamba la bakteria.

Halafu harufu. Pua hudanganya ulimi, na watu wa pwani tunalijua hilo tangu zamani. Nachemsha kijiti cha mdalasini na iliki nne zilizopondwa kwenye kikombe kimoja cha maji, dakika kumi, napoza, nachuja, namimina kwenye chai. Hakuna sukari hapo, lakini ukionja utaapa kwamba ipo.

Tunda ni la mwisho: gramu 200 za embe lililoiva mpaka linanukia, au pichi, nikilikata vipande vidogo na kuliacha humo saa mbili. Silisagi. Likisagwa sukari yake inaachiliwa na inakuwa kama ya juisi. Likibaki vipande, mtu anayala kwa kijiko na nyuzinyuzi zake. Hata embe lote likiyeyuka humo, jagi zima halifiki gramu 30. Ndimu nusu, basi.

Maembe nayapata kwenye duka la Wahindi mtaani kwetu, yanakuja kwa maboksi kutoka Pakistani wakati wa kiangazi. Nilikwenda na mama mara ya kwanza, akaninong'oneza kwa Kiswahili kwamba bei ni ya wizi. Mzee wa kaunta akamjibu, "Mama, onja kwanza ndipo uniite mwizi." Kumbe alizaliwa Uganda, akaja hapa mwaka 1972 walipofukuzwa. Tulitoka na boksi mbili na maembe matatu ya bure.

Watoto wadogo siwapi chai yenyewe, kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na ina kafeini. Wao nawachemshia mchaichai, nikishapoza natia vipande vile vile vya embe. Ninyi mlioambiwa damu yenu ni ndogo, msinywe chai pamoja na mlo, acheni kama saa moja ipite. Asali msimpe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata tone. Na jagi lisikae kwenye friji zaidi ya siku mbili.

Jagi la pili nilimpa mama baada ya siku tatu. Safari hii nilimsomea kila kilichomo kabla hajagusa glasi. Akanywa moja, akapima baada ya saa mbili: 8.4. Akatikisa kichwa, akaniambia embe limekuwa bahili. Sasa yuko Tanga, anatengeneza yake kwa mchaichai wa uani, na kila Jumapili ananitumia sauti kwenye simu kunisomea namba za wiki nzima.