Kadi ya Ukumbusho wa Ndoa

Wako waume na wake wengi, hapa Kaniama na penginepo, waliosemezana maneno matamu siku ya arusi, kisha wakanyamaza miaka kumi. Si kwamba upendo umekufa. Mume adhani mkewe ajua, naye mke adhani vivyo hivyo. Hapo ndipo penye hatari: nyumba ikikosa shukrani, husikika malalamiko peke yake.

Tangu reli ya kutoka Bukama hadi Ilebo ilipokamilika mwaka 1928, ikipita Kamina na Kaniama, watu wa nchi hii wameizoea kazi inayomtenga mume na mkewe. Siku hizi simu hufikisha sauti upesi. Lakini sauti hupita, karatasi hukaa. Itakaa sandukuni pamoja na cheti cha ndoa, hata siku mmoja wenu atakapoitwa na Mungu.

Basi, siku ya ukumbusho ikikaribia, twaa karatasi nene, uikunje katikati. Juu yake chora kitu mkijuacho ninyi wawili: mahindi ya shamba lenu la kwanza, au mlango wa nyumba mliyoanzia. Ndani andika kwa mkono wako mwenyewe. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko aliwakumbusha watu wa ndoa maneno matatu: tafadhali, asante, samahani. Hayo yatosha kuijaza kadi.

Lakini usiandike, “Asante kwa yote.” Andika, “Asante kwa usiku ule uliokesha na mtoto wetu mwenye homa.” Neno “yote” laweza kuambiwa mtu yeyote, usiku ule ni wenu. Na ukiomba radhi, litaje kosa lenyewe.

Tena andika kwa lugha mnayochekea na kulilia nyumbani, iwe Kiluba, Kikanyok au Kiswahili. Kifaransa kilichonakiliwa kitabuni hupendeza macho tu. Kama mwenzi wako hajui kusoma, usimpe mtoto kazi hiyo. Keti karibu naye, umsomee polepole.

Nanyi wanafunzi, wapeni wazazi wenu karatasi na kalamu za rangi wakiwaomba. Maneno waachieni wenyewe.