Gavana amesogea Beni, lakini mbunge wa Grand Nord bado anaenda kuomba

Katiba inasema vikao vya kawaida vya Bunge la kitaifa vinafungwa tarehe 15 Juni na 15 Desemba. Baada ya hapo wabunge wanarudi kwao, na kwa upande wetu wengi wanashukia uwanja wa ndege wa Mavivi. Haipiti wiki mbili kabla habari ile ile haijarudi: mbunge wa kitaifa aliyechaguliwa Beni, Butembo au Lubero amepokelewa na gavana wa kijeshi, amemfikishia vilio vya wakaaji, na gavana ameahidi kuvifuatilia. Picha inapigwa kwenye ngazi za ofisi. Kisha kimya, hadi likizo ijayo.

Vilio vyenyewe si vya kubuni. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2025, waasi wa ADF walivamia watu waliokuwa wakikesha matangani Ntoyo, upande wa Manguredjipa, katika teritware ya Lubero. Waliouawa walipita 60. Mbunge anayetoka huko hahitaji mtu wa kumwandikia la kusema. Swali ni jingine: akishasema mbele ya gavana, nani analazimika kumjibu?

Kwa muda mrefu watu wa Grand Nord, yaani Beni, Butembo na Lubero, walisema shida yao ni umbali. Goma, makao makuu ya jimbo, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Beni kwa barabara ya taifa namba 2. Karatasi ikipotea Goma, unaifuata safari nzima. Wengine walidai jimbo lao wenyewe, na Katiba ya 2006 ilipoandika majimbo 26, Kivu ya Kaskazini ikaachwa jinsi ilivyokuwa. Sasa makao yamekuja bila sheria wala kura. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, siku chache baada ya gavana Peter Cirimwami kuuawa kwenye uwanja wa vita, gavana mpya, Meja Jenerali Evariste Somo Kakule, alianza kazi Beni. Mlango ambao babu zetu waliufuata mbali sasa uko mtaani.

Na hata hivyo mbunge anatoka mle akiwa na ahadi tu, kama alivyokuwa akitoka Goma. Umbali haukuwa shida yote.

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, ule tunaouita huku état de siège. Siku ile serikali ya jimbo na bunge la jimbo vilisimamishwa, na mamlaka yao yakawekwa mikononi mwa wanajeshi. Watu wengi wanakumbuka nusu ya kwanza, kwamba magavana wa kiraia waliondoka. Nusu ya pili ndiyo nzito zaidi. Katika majimbo mengine gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo, anawapelekea bajeti, wanaweza kumwita aeleze pesa zimekwenda wapi, na wanaweza kumwangusha. Kwetu gavana ameteuliwa na Rais na anajibu kwa Rais. Mwezi wa Desemba 2023 wakaaji wa Grand Nord walipanga mistari wakapiga kura, pamoja na ile ya wabunge wa jimbo. Hakuna gavana aliyetoka katika kura hiyo.

Ndiyo maana mzigo wote umemwangukia mbunge wa kitaifa. Lakini yeye hakupewa chombo cha kumbana gavana. Kifungu cha 138 cha Katiba kinampa swali la mdomo, swali la maandishi, kumhoji waziri na tume ya uchunguzi. Hivyo vyote vinaelekezwa kwa serikali ya Kinshasa na mashirika ya taifa. Anapoingia ofisi ya gavana wa kijeshi anaingia kama mgeni mwenye heshima: anapewa kiti, anapewa maji, anasikilizwa. Gavana akisema "tutaona," mazungumzo yamekwisha, na hakuna karatasi inayomfunga.

Tuwe wakweli, bunge la jimbo halikuwa malaika. Hapa nchini tumeona hoja za kumwangusha gavana zikizimika ghafla usiku mmoja, na wananchi wakabaki wakiulizana kuhusu bahasha. Na wanaotetea utawala wa kijeshi wana hoja yao pia: katika vita amri lazima iwe moja, na mambo ya mahali askari walipo hayajadiliwi mbele ya mikrofoni. Sawa. Ila bajeti ya jimbo si siri ya vita. Kodi anayotozwa mama wa sokoni Butembo si siri ya vita.

Hapo ndipo ningemwuliza mbunge wangu swali kabla hajapanda zile ngazi: katika vilio ulivyobeba, kipi ni cha gavana na kipi ni cha Kinshasa? Mara nyingi vinachanganywa katika memorandamu moja ya kurasa nyingi, na mchanganyiko huo unampa kila kiongozi njia ya kutokea. Chukua barabara. Kutengeneza Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54, kumo katika mapatano ya Kongo na Uganda, kazi iliyozinduliwa na marais wawili mwezi wa Juni 2021. Gavana anaweza kusukuma, lakini mkataba hauko mezani kwake. Anayepaswa kuulizwa kwa maandishi kwa nini kazi inakwenda polepole ni waziri, na mbunge anamwona Kinshasa wakati wote wa kikao. Ni hivyo hivyo kwa asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo kifungu cha 175 kinaipa mikoa: pesa hiyo inadaiwa Kinshasa, si Beni.

Vipo vilivyo vya gavana kweli. Vizuizi vya barabarani ambako watu wenye silaha wanadai pesa kwa kila pikipiki inayopita, huyo ndiye mwenye kuviondoa. Kodi za jimbo kwa wanaokimbia vita na wanaowahifadhi, ni zake. Mameya na wasimamizi wa teritware, nao wakiwa wanajeshi au polisi, wako chini yake.

Halafu kuna kakao, na hapa sitaki kupita haraka. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kwa mkulima wa Beni ilipaswa kuwa baraka. Imekuwa sababu nyingine ya kumwogopesha, maana shamba liko mbali na kijiji, msimu wa kuvuna unajulikana na kila mtu, na ADF nao wanaujua. Wengine wameuawa wakiwa na panga la kuvunia mkononi. Wengine wanaacha tunda lioze, au wanarudi na kukuta limekwisha kuvunwa na asiyejulikana. Ombi lao ni dogo na linaweza kuandikwa kwa kalenda: siku gani askari watakuwa njia gani, hadi saa ngapi. Mbunge akitoka ofisini na kalenda hiyo, amefanya kazi. Akitoka na maneno "usalama wa wakulima ni kipaumbele," wakulima watabaki pale pale.

Wabunge wetu watasema wamejaribu. Ni kweli kwa sehemu. Baadhi yao walisusia vikao vya kurefusha utawala huu. Kwenye meza ya mazungumzo ya Kinshasa, Agosti 2023, wengi wa wajumbe wa majimbo mawili walitaka uondolewe, na tarehe 12 Oktoba Rais akatangaza kuulegeza hatua kwa hatua. Lakini kumbuka kifungu cha 144: siku 30 za kwanza, kisha siku 15 kila mara, kwa ruhusa ya Bunge na Seneti. Wakati wa likizo serikali hurefusha kwa idhini ambayo Bunge lenyewe limeipa. Kwa miaka minne, mara 90 na zaidi. Kila mara ilikuwa nafasi ya kudai kitu: ripoti ya bajeti ya jimbo, orodha ya kodi, bunge la jimbo lirudishwe hata kwa kazi ya kukagua hesabu tu huku ulinzi ukibaki kwa jeshi. Mbunge anayemwomba gavana mwezi wa Januari ametoka kupitisha, au kuacha vipite bila sharti, vipindi sita hivi vya mamlaka ya gavana huyo huyo tangu Septemba.

Kikao kijacho kinafunguliwa tarehe 15 Machi. Watu wa Manguredjipa watakaokutana na mbunge wao kabla ya hapo wamwombe nakala mbili: barua aliyompa gavana, ikiwa na tarehe na muhuri wa kupokelewa, na swali la maandishi atakalompelekea waziri wa ulinzi kuhusu idadi ya vituo vya jeshi kati ya Butembo na Ntoyo.