Serikali Haiwezi Kujisahihishia Mtihani



Tulipodai vyama vingi, dai letu halikuwa kuongeza idadi ya bendera zinazopepea kwenye mikutano ya hadhara. Tulidai kwamba mwenye mamlaka asiwe tena shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu wa matendo yake mwenyewe. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, na taifa likaenda kupiga kura tarehe 29 Desemba 1992, hakuna mwanamageuzi wa Bungoma wala wa Kitale aliyekubali KANU ijiandikie cheti cha uchaguzi safi. Walikuja waangalizi wa Jumuiya ya Madola. Na, la muhimu zaidi, walisimama vituoni waangalizi wetu wenyewe waliopangwa na NEMU. Wageni walikaa siku chache wakarudi makwao. Wenyeji ndio waliojua ni nani aliyetishwa mwezi uliotangulia.

Nauliza basi: kwa nini kanuni hiyo tuliyoipigania kwa jasho na machozi haitumiki kwa mlemavu wa Kamukuywa? Katika jambo la haki zake, Serikali hujiandikia majibu ya mtihani, na ingependa pia kujisahihishia. Kesi ya nyani amepelekewa ngedere, nasi wanamageuzi tumekaa kimya kana kwamba jambo hili ni la makanisa na wafadhili. (Natumia neno "mlemavu" kwa kuwa ndilo linalosemwa sokoni. Sheria husema "mtu mwenye ulemavu", nami sina ugomvi na sheria kwa hilo. Ugomvi wangu ni mwingine.)

Utaratibu wenyewe ni huu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tarehe 19 Mei 2008. Kwa kuridhia, iliahidi kupeleka ripoti baada ya miaka miwili, na baadaye angalau kila miaka minne, mbele ya Kamati ya wataalamu 18 inayoketi Geneva. Ripoti ya kwanza ilipasa kufika mwaka 2010. Ilifika 2012. Kamati ikaonana na wajumbe wetu Agosti 2015. Hesabu mwenyewe: tangu siku ya ahadi hadi siku ya kuulizwa maswali ana kwa ana, ilipita miaka saba. Mtoto kiziwi aliyezaliwa juma lile Mkataba uliporidhiwa alikuwa tayari na umri wa kukaa darasani, kama ilipatikana shule ya kumpokea. Kamati ilitaka, pamoja na mengine mengi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ipatanishwe na Mkataba. Sheria mpya ilitiwa sahihi Mei 2025. Miaka kumi mingine ikawa imekwenda.

Na ripoti yenyewe huandikwa na nani? Huandikwa Nairobi na watumishi wa Serikali, nayo hujaa majina ya sheria, sera na mabaraza. Sheria ni rahisi kuorodhesha. Mtaalamu aliyeketi Geneva ataisoma orodha hiyo asijue kama ofisi ya chifu ina ngazi tatu au njia ya mteremko, kama zahanati ina mtu hata mmoja ajuaye lugha ya ishara, kama mwenye bodaboda humtoza mwenye magongo nauli ya watu wawili. Hataona kwamba kitambulisho cha mlemavu, ambacho ndicho ufunguo wa misaada na misamaha ya kodi, hakipatikani mpaka daktari amkague hospitalini, na kwamba safari ya kwenda kukaguliwa ndiyo hasa isiyowezekana kwa asiyeweza kutembea.

Hapo zamani kulikuwa na busara ambayo tumeiacha ipotee. Tarehe 20 Desemba 1993 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni 22 za kusawazisha fursa za walemavu. Hazikuwa na nguvu ya sheria. Serikali iliyozidharau haikuvunja mkataba wowote. Lakini aliteuliwa mtu wa kuzifuatilia, Bengt Lindqvist, Msweden asiyeona aliyewahi kuwa waziri kwao, naye alishika kazi hiyo tangu 1994 hadi 2002. Bw. Lindqvist aliziuliza serikali maswali, na akaviuliza vyama vya walemavu vya nchi hizohizo. Majibu ya pande mbili juu ya jambo moja! Wakili yeyote aliyewahi kumhoji shahidi kizimbani anajua thamani ya jambo hilo.

Sasa tupande mlima. Pale Kamukuywa, kwenye barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale, ndipo huachana barabara ya kupanda Kaptama na Kapsokwony. Huko juu, kati ya mwaka 2006 na 2008, wapiganaji wa SLDF waliua, walibaka na waliwakata watu masikio. Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu, ya hapa nchini na ya nje, yakaandika habari za wanaume waliozolewa vijijini na kuteswa katika kambi ya Kapkota. Serikali ilikana. Tazama tarehe, ndugu msomaji. Operesheni ilianza Machi. Mkataba uliridhiwa Mei ya mwaka huohuo. Kifungu cha 11 cha Mkataba huo chadai walemavu walindwe wakati wa mapigano na maafa. Kifungu cha 15 chakataza mateso. Mkono mmoja wa Serikali ulikuwa ukitia sahihi, na mwingine ukituhumiwa kuwatia raia vilema.

Nani alilichunguza hilo? Shirika la IMLU lililipeleka Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya wakazi zaidi ya 3,000 wa Mlima Elgon. Machi 2012 Kitengo cha Rufani kililitupa shauri. Hakikusema kwamba mateso hayakuwapo. Kilisema kwamba walalamikaji walichelewa, kwa sababu Mkataba wa Jumuiya huwapa raia miezi miwili tu ya kushtaki. Miezi miwili! Mfupa uliovunjika vibaya hauungi kwa muda huo, sembuse mwanakijiji kumtafuta wakili, kupata cheti cha daktari na kuthubutu kumtaja askari kwa jina.

Mlango mwingine ungekuwapo, nao ndio kiini cha waraka huu. Pamoja na Mkataba wa walemavu kuna Itifaki ya Hiari. Nchi ikiiridhia, raia wake aliyekosa haki katika mahakama za nyumbani aweza kuiandikia Kamati mwenyewe, kwa jina lake na kwa shauri lake. Uganda iliridhia Mkataba na Itifaki kwa pamoja, Septemba 2008. Tanzania ilifanya vivyo hivyo Novemba 2009. Kenya, nchi inayopenda kujisifu kuwa na Katiba ya mfano barani, iliuchukua Mkataba na kuiacha Itifaki. Wala si Itifaki hii peke yake: hatujamfungulia raia mlango wa namna hiyo mbele ya kamati yoyote ya mikataba ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Tunapenda kuonekana Geneva. Hatupendi kushtakiwa huko.

Jirani zetu wameona faida yake na aibu yake. Mwaka 2010 huko Tanzania, mtu mmoja mwenye ualbino alikuwa akitafuta kuni alipovamiwa na watu wawili. Alipopata fahamu, nusu ya mkono wake wa kushoto ilikuwa imekatwa na kuchukuliwa. Mashtaka yalizimika bila mtu kuadhibiwa. Mtu huyo, ambaye katika kumbukumbu za Kamati huitwa X tu, alilalamika Geneva, na Agosti 2017 Kamati ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zake: ilishindwa kumlinda, na ilishindwa kuchunguza ipasavyo. Uamuzi haukumrudishia mkono. Lakini palepale pakawapo hati, yenye namba na tarehe, ambayo Serikali ya nchi yake ilipaswa kuijibu, na walalamikaji wengine wawili wenye ualbino wakafuata njia hiyo wakashinda pia. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Mmoja wao akivamiwa kesho mpakani, upande wa kusini wa jiwe la mpaka ana mlango wa Geneva. Upande wa kaskazini hana.

Sidai kwamba Itifaki ni dawa ya kila ugonjwa. Humtaka mlalamikaji amalize kwanza mahakama za kwao, na kwa kawaida haitazami mambo yaliyokwisha kabla nchi haijairidhia. Ndiyo maana kila mwaka wa kuchelewa ni mwaka wa msamaha kwa watendao. Najua pia kwamba kuna Tume ya Afrika kule Banjul, na kwamba Itifaki ya Afrika ya haki za walemavu ilianza kutumika mwaka 2024. Vema. Lakini waulize Waendorois wa Ziwa Bogoria, walioshinda mbele ya Tume hiyo mwaka 2010, wamerudishiwa nini mpaka sasa.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuuza uhuru wetu kwa wageni. Wimbo huo tunaufahamu. Tuliimbiwa mwaka 1990 na 1991, tulipoitwa vibaraka wa mabeberu kwa kutaka kuhesabiwa kura. Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 chasema kwamba mkataba uliokwisha kuridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Anayeuliza kama Serikali inaufuata anauliza habari za sheria ya nyumbani kwake. Na kwenye Kamati hiyohiyo wamewahi kuketi Wakenya, Bi. Edah Maina na Bw. Samuel Kabue. Beberu yuko wapi hapo?

Tutazame na hesabu, maana anayechunguza hutegemea takwimu anazopewa na anayechunguzwa. Sensa ya 2009 ilipata walemavu wapatao milioni 1.3, yaani asilimia 3.5 ya Wakenya. Sensa ya 2019 ikapata 918,270, asilimia 2.2. Katika miaka kumi ya ajali za barabarani, kisukari na uzee, walemavu laki nne wamekwenda wapi? Wataalamu wana maelezo: maswali yalibadilishwa, na safari hii waliohesabiwa ni wa miaka mitano na kuendelea. Nayakubali maelezo hayo. Lakini anayegawa fedha za bajeti hasomi maelezo, anasoma jumla. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ana ulemavu mkubwa. Ama Kenya imebarikiwa kuliko mataifa yote, ama karani wa sensa alipobisha hodi kuna mtoto aliyekuwa amefungiwa chumba cha nyuma.

Wala tusijifiche nyuma ya Serikali. Kifungu cha 54 cha Katiba chataka angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya umma, vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, wawe walemavu, hatua kwa hatua. Kuna viti viwili katika Seneti, na viti vya uteuzi katika mabunge ya kaunti. Orodha za majina hayo huandikwa na vyama. Ni vyama vyetu, si vya KANU ya zamani. Chama chako kilipofanya uteuzi, mwenye kiti cha magurudumu aliingia ukumbini au alisubiri nje juani mpaka akaletewa matokeo? Nani aliwatafsiria viziwi hotuba ya mgombea? Na ni chama gani kilichowahi kusimama hadharani kupinga maneno ya kifungu cha 83, yanayomnyima kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, ilhali Mkataba tulioridhia watambua haki ya kila mlemavu kushiriki siasa sawa na wengine? Wakati wa KANU tulipiga mlolongo, na aliyesimama mstari mfupi alihesabiwa kuwa mshindi. Tuliona ni dhuluma isiyovumilika. Mtu asiyeruhusiwa hata kuingia katika mstari tunamwonaje?

Kazi yenyewe, basi. Kwanza, kila mgombea atakayekuja kuomba kura za Kimilili mwaka 2027, awe wa Serikali au wa upinzani, aulizwe sokoni Kamukuywa mbele ya watu: utaidai Bungeni Itifaki ya Hiari iridhiwe, ndiyo au siyo? Asikubaliwe kujibu kwa kugawa viti vya magurudumu mbele ya kamera.

Pili, tuandike. Kamati ya Geneva hupokea ripoti mbadala kutoka kwa raia na vyama vyao, na huzisoma kando ya ripoti ya Serikali. Hapa nchini, kazi ya kufuatilia Mkataba imekabidhiwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, nayo imekuwa na ofisi ya kanda mjini Kitale, matatu moja tu kutoka Kamukuywa. Ripoti ya wadi moja haihitaji mfadhili. Yatosha daftari la shule, mwenye mwandiko unaosomeka, na walemavu wenyewe wakiwa wasemaji badala ya kusemewa. Andikeni jina la mtu, au herufi tu kama anaogopa, kijiji chake, alichonyimwa, aliyemnyima na cheo chake, aliyeshuhudia. Na tarehe isikosekane hata mara moja, kwa kuwa Arusha bado huhesabu miezi miwili kuanzia siku hiyo.