Kabla hujalipia kadi ya mtoto

Mzazi mwenzangu uliyeko Marekani, mwanao akitaka kadi yake ya Pokémon ipelekwe PSA kupewa alama, tafuteni kwanza bei ya kadi kama hiyo isiyo na alama, na yenye 9. Msipige hesabu kwa bei ya 10.

PSA hukagua pembe, kingo, uso na kama picha imekaa katikati. Ada ni kwa kila kadi. Posta na bima juu yako. Ikipata 6, hela hairudi. Ikipata 10 na thamani ikapanda, unaweza kudaiwa nyongeza! Kadi ya dola 5 iliyokwaruzika kwenye begi la shule inunulieni mfuko wa plastiki, senti chache tu.